Kusogeza kidogo tu: kanuni ya gofu kwa familia isiyocheza gofu

Ugomvi wa watoto wanaocheza goroli mara nyingi hauhusu nani kalenga na nani kakosa. Unahusu ardhi. Mmoja anainama kulenga, kiganja chake kinapita mbele ya goroli yake, na vijiwe viwili vinapotea. Mwenzake anapiga kelele kwamba amesafisha njia. Wa kwanza anaapa kwamba alikuwa anapangusa mkono tu. Mtu mzima aliye karibu, awe anapepeta mchele au anaongea na simu, huwaambia waache kelele, na kesi inafungwa bila hukumu.

Kesi ya namna hiyo ina sheria kamili, yenye namba, vifungu na adhabu, katika mchezo ambao familia nyingi za Ngokolo huuona kwenye simu tu: gofu. Viwanja vya gofu vinavyojulikana zaidi nchini viko Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro, mbali na Shinyanga. Mtoto wa Ngokolo anaweza kumaliza sekondari bila kushika fimbo ya gofu hata mara moja. Lakini swali linalojibiwa na sheria hiyo analikuta kila siku, shuleni na nyumbani: mtu akijikuta ameangukia mahali pabaya, ana ruhusa ya kupatengeneza kiasi gani, na ruhusa hiyo anapewa na nani?

Inafaa mzazi aijue kanuni hii hata kama hana mpango wa kucheza. Sababu ni kwamba gofu, tofauti na mpira wa miguu, kwa sehemu kubwa haina mtu mwenye filimbi. Mchezaji hutembea kilomita kadhaa akifuata kimpira kidogo, mara nyingine akiwa peke yake vichakani huku wenzake wakiwa upande wa pili wa uwanja. Katika mashindano mwenzake ndiye anayemwandikia kadi, lakini mwenzake huyo haoni kila kitu. Sheria zenyewe, ambazo hutolewa kwa pamoja na chombo cha R&A cha St Andrews, Scotland, na chama cha gofu cha Marekani, zinasema mwanzoni kabisa kwamba mchezaji anatarajiwa kuwa mkweli na kujitajia adhabu yake mwenyewe. Kwa maneno ya mtaani, mshtakiwa ndiye polisi.

Sheria hizi ni za zamani. Zile za kwanza zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 na wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh. Zilikuwa 13 tu, na hata katika hizo 13 kulikuwa na moja iliyozungumzia mawe na mifupa iliyo karibu na mpira, na ni wapi mtu anaweza kuiondoa. Karibu miaka 280 baadaye wazee wa gofu bado wanabishana kuhusu vijiwe, kama watoto wa goroli.

Tawi, mchanga na umande

Leo jambo hili liko kwenye Kanuni ya 8. Msingi wake ni kwamba uwanja unachezwa kama ulivyokutwa, na mpira unachezwa pale ulipolala. Mchezaji haruhusiwi kuboresha sehemu chache zinazotajwa: mahali mpira ulipolala, mahali atakaposimama, nafasi ya kuzungusha fimbo yake, na njia ambayo mpira utapita kuelekea shimoni.

Kanuni inataja hata mbinu zenyewe, na anayeisoma anaona wazi kwamba walioiandika wamewahi kuwaona watu wakizitumia. Hairuhusiwi kukunja au kuvunja tawi linaloota kwa sababu linazuia mkono. Hairuhusiwi kukanyaga ardhi nyuma ya mpira ili isawazike, wala kuondoa au kushindilia mchanga na udongo uliolegea. Hata kupangusa umande kwenye majani ili fimbo ipite vizuri ni kosa. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, adhabu ni mikwaju 2. Katika mchezo wa kushindana shimo kwa shimo, mkosaji anapoteza shimo hilo.

Mtu anayesikia haya kwa mara ya kwanza hudhani gofu ni mchezo wa watu wagumu wasio na huruma. Hapana. Ukurasa huo huo unaokataza umejaa ruhusa. Jani lililoanguka linaweza kuondolewa. Jiwe ambalo halijazama ardhini linaweza kuondolewa, na vivyo hivyo kijiti kikavu, mdudu, kinyesi cha ng'ombe, hata kilima kidogo cha sisimizi. Tangu mabadiliko makubwa ya sheria ya mwaka 2019, vitu hivyo vinaweza kuondolewa hata kwenye banka, yale mabakuli ya mchanga ambako zamani havikuguswa. Sharti ni kwamba mpira usitikisike. Ukisogea wakati mtu anaondoa jani, basi isipokuwa kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, anaongezewa mkwaju 1 na mpira unarudishwa ulipokuwa.

Mchanga na udongo uliolegea, kwa upande mwingine, havihesabiwi kuwa vitu vya kuondolewa, isipokuwa kwenye grini. Kwa hiyo kesi ya goroli ingepelekwa kwa wazee wa gofu, hukumu ingekuwa hivi: vijiwe viwili, ruksa, vumbi lililofagiwa pamoja na vijiwe, kosa. Watoto wote wawili wangeondoka na nusu ya ushindi.

Ukubwa wa jiwe nao una kisa chake. Mwaka 1999, katika mashindano ya Phoenix Open huko Arizona, Marekani, mpira wa Tiger Woods ulisimama nyuma ya jabali kubwa kuliko mtu yeyote angeweza kulisogeza peke yake. Woods alimwita ofisa wa sheria na kuuliza. Ofisa akaangalia, akakuta jabali halijazama ardhini, akaamua kwamba nalo ni jiwe lililolegea kama mengine. Watazamaji kadhaa wakalisukuma kando. Wapo walioona kituko hicho hakikuwa haki, kwa sababu mchezaji asiye na mashabiki wengi angebaki na jabali lake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mzazi aangalie namna jambo lilivyofanyika: aliuliza kwanza, mchana kweupe, mbele ya umati na kamera.

Kiboko akiwa karibu, mpira uachwe

Mfano mzuri zaidi wa huruma ya sheria hautoki Marekani. Unatoka kwenye ziwa lile lile ambalo maji yake yanafika kwenye mabomba ya Shinyanga. Kisumu, upande wa Kenya, klabu ya Nyanza ilijulikana duniani kwa sababu ya kanuni moja ya uwanja wake: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aliruhusiwa kuweka mpira mwingine mahali salama, bila kulisogelea shimo na bila adhabu. Jinja, Uganda, mto Nile unapotokea ziwani, kulikuwa na kanuni kwamba mpira ukidumbukia kwenye alama ya mguu wa kiboko, unatolewa bure na kuangushwa pembeni.

Hizi huitwa kanuni za uwanja. Kamati ya klabu inakaa, inatazama mazingira yake, na kuamua kwamba jambo fulani lingemwonea mchezaji bila sababu. Kanuni inaandikwa na kutangazwa kabla ya mchezo, na inamhusu kila mtu, meneja wa benki na kijana aliyeanza kwa kubeba mifuko ya wachezaji. Vivyo hivyo wakati wa mvua nyingi. Njia kuu ya nyasi fupi ikijaa tope, kamati inaweza kutangaza kwamba kila mchezaji aruhusiwe kuuokota mpira wake hapo, kuupangusa na kuuweka mahali pazuri zaidi ndani ya umbali uliotajwa. Jambo ambalo jana lilikuwa kosa la mikwaju 2, leo ni halali.

Hapo ndipo kanuni inapofundisha. Mpira uliosogezwa kwa siri na mpira uliosogezwa kwa tangazo vinaweza kusogezwa sentimita zile zile. Tofauti iko kwenye mambo matatu: kama wenzake wanajua, kama nao wanaruhusiwa, na kama kuna gharama inayotakiwa kulipwa.

Gharama nayo ipo. Mpira ukilala katikati ya mizizi, mahali ambapo hakuna namna ya kuupiga, mchezaji hahitaji kuomboleza wala kudanganya. Anatamka kwamba mpira huo hauchezeki, anajiongezea mkwaju 1, kisha anauhamisha kwa utaratibu uliowekwa, kwa mfano ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kulisogelea shimo. Mlango wa kutokea uko wazi kwa yeyote, ila una kiingilio.

Hata uwezo mdogo una nafuu yake. Mchezaji dhaifu hupewa idadi ya mikwaju ya kupunguziwa, inayokokotolewa kutokana na matokeo yake ya nyuma, ili binti anayejifunza aweze kushindana na bingwa bila mmoja wao kujifanya. Michezo michache ina utaratibu wa wazi namna hii wa kumbeba aliye nyuma.

Tawi linarudi, ardhi hairudi

Kuna kifungu kidogo ndani ya Kanuni ya 8 ambacho hata wachezaji wa siku nyingi hukisahau, na kwa mzazi huenda ndicho chenye faida kuliko vyote. Mchezaji akikunja tawi au kuhamisha kitu kwa namna isiyoruhusiwa, kisha akagundua kosa lake kabla ya kupiga, anaweza kukirudisha kama kilivyokuwa. Faida aliyoipata ikiondoka, na adhabu inaondoka.

Lakini akishindilia ardhi, akaondoa mchanga, au akapangusa umande, hakuna kurudisha. Adhabu imeshaingia hata kabla hajapiga. Walioandika sheria walijua kwamba kuna vitu vinavyorudi na vingine visivyorudi, na kwamba dakika ya kukiri ina thamani kubwa kuliko saa ya kujitetea baada ya mpira kuruka.

Visa vitatu maarufu vinaonyesha jinsi watu wazima wanavyokutana na kanuni hizi, na havifanani.

Mwaka 1987, Craig Stadler, Mmarekani, alikuwa akicheza mashindano kwenye uwanja wa Torrey Pines, California. Mpira wake ulisimama chini ya mti wenye matawi ya chini, akalazimika kupiga magoti. Ardhi ilikuwa na unyevunyevu. Ili asichafue suruali, akatandika taulo na kuipigia magoti. Watazamaji wakaona kwenye televisheni, wakapiga simu. Kwa sheria ya wakati huo, kutandika taulo kulihesabiwa kuwa ni kujijengea mahali pa kusimama. Kwa kuwa alikuwa ameshasaini kadi ya alama bila adhabu hiyo, akaondolewa kabisa kwenye mashindano na kupoteza zaidi ya dola 37,000. Angevaa suruali ya mvua juu ya ile aliyokuwa nayo, hakuna ambaye angemgusa.

Adhabu hiyo ilikuwa kubwa mno kwa kosa la mtu anayeogopa tope, na wasimamizi wa gofu wenyewe, miaka mingi baadaye, walilegeza: tangu 2016 mchezaji aliyesaini kadi bila kujua kwamba ana adhabu haondolewi, anaongezewa mikwaju. Tangu 2018 simu za watazamaji wa televisheni hazipokelewi tena kama ushahidi. Mwaka 1995 uwanja ulimwalika Stadler arudi kuukata mti ule uliokuwa umeshaanza kufa, naye akaja na kuukata.

Kisa cha pili ni cha Desemba 2019, huko Bahamas. Patrick Reed, bingwa wa Masters wa mwaka 2018, alikuta mpira wake kwenye eneo la mchanga. Alipokuwa akipima pigo lake, fimbo ilipita nyuma ya mpira mara mbili na kuondoa mchanga uliokuwa pale. Kamera iliona. Reed alisema pembe ya kamera ilipotosha na kwamba fimbo haikuwa karibu na mpira kama inavyoonekana, lakini akakubali adhabu ya mikwaju 2. Mashindano yalipomalizika, alikuwa nyuma ya mshindi, Henrik Stenson, kwa mikwaju 2 kamili. Hakuna anayeweza kuingia moyoni mwa Reed na kusoma nia yake. Sheria haikuhitaji kuingia huko, kwa sababu mchanga ulikuwa umeshaondoka.

Cha tatu ni cha zamani zaidi. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Worcester, Massachusetts, Bobby Jones alikuwa anajiandaa kupiga mpira uliokuwa kwenye nyasi ndefu. Akaona umesogea. Hakuna mwingine aliyeona. Maofisa walimuuliza, wakawauliza waliokuwa karibu, hawakupata ushahidi wowote, wakamwachia aamue mwenyewe. Jones akajiongezea mkwaju 1. Mwisho wa mashindano alikuwa amefungana na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa. Bila mkwaju ule angekuwa bingwa moja kwa moja.

Kosa la Jones halikuwa kuboresha mahali mpira ulipolala, lilikuwa la mpira kusogea. Lakini simulizi hili hupendwa kwenye klabu za gofu kwa sababu kila mchezaji anajua jinsi ilivyo rahisi kunyamaza ukiwa peke yako kwenye nyasi ndefu.

Kikapu cha sokoni

Turudi nyumbani, maana huko ndiko ardhi inakoshindiliwa sana.

Mtoto wa darasa la tano ameagizwa shuleni asuke kikapu kidogo kwa ajili ya alama za somo. Siku tatu hajagusa ukindu. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mama anapita sokoni Ngokolo na kununua kikapu kilichosukwa na mtu mwenye miaka 20 kwenye kazi hiyo. Mtoto anapata alama za juu. Mama hakuiba kitu cha mtu, alitoa hela yake, na alifanya hivyo kwa upendo. Ila ameondoa mchanga nyuma ya mpira, na mtoto alikuwa amesimama pale anaangalia.

Akiulizwa, mama atasema kila mzazi anafanya hivyo. Pengine ni kweli. Sentensi hiyo inajulikana sana Kanda ya Ziwa, hasa msimu wa pamba. Mkulima anayemwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili izidi uzito hajioni mwizi. Anaamini mizani ya mnunuzi imeshachezewa, kwa hiyo anarudisha haki yake kabla haijachukuliwa. Mnunuzi naye, akijua pamba ina mchanga, anaona ana sababu ya kupunja. Mwisho pamba yote ya eneo inashushwa daraja, hata ya yule aliyeivuna kavu na safi. Ni ugomvi wa siku nyingi Usukumani. Malalamiko kuhusu mizani yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wakulima kuunda vyama vya ushirika miaka ya 1950, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, hadi mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kwenye shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakulima wale walitaka mizani inayoonekana na pande zote mbili. Walichotafuta, kwa lugha ya gofu, ni kanuni ya uwanja.

Shuleni jambo lina sura nyingine. Kwenye michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA neno mamluki linajulikana kwa kila mwalimu: mchezaji aliyeingizwa timuni wakati hastahili, kwa umri au kwa shule. Kwenye mitihani, NECTA imewahi kufuta matokeo ya watahiniwa kwa udanganyifu, zaidi ya mara moja, na nyuma ya mtoto aliyefutiwa matokeo wakati mwingine kuna mtu mzima aliyetafuta majibu kwa fedha. Mtoto huyo hakuanzia hapo. Alianzia kwenye kikapu.

Je, mzazi asimsaidie mtoto? Swali hilo ni la haki, na hapa sheria ya gofu ina busara kuliko wakali wengi wa malezi. Msaada si kosa. Mtoto anayesumbuliwa na hesabu anaweza kupelekwa masomo ya ziada, na mwalimu akajua. Mtoto aliyelazwa hospitali wiki ya kukabidhi kazi anaweza kuombewa siku tatu zaidi. Mtoto asiyeona vizuri anastahili kukaa mbele, na akihitaji maandishi makubwa ya mtihani, utaratibu rasmi upo wa kuyaomba. Huyo ana kiboko karibu na mpira wake, na hakuna mwenye akili atakayemwambia acheze hapo hapo. Nafuu zote hizo zinaombwa, zinajulikana, na mtoto mwingine mwenye shida hiyo hiyo anaweza kuzipata.

Yule mama wa kikapu alikuwa na njia. Kabla ya asubuhi, kabla mpira haujapigwa, tawi lilikuwa bado linarudi. Angeweza kumwamsha mtoto saa kumi na moja, wakasuka pamoja kikapu kibovu chenye mdomo uliopinda, na mtoto akakipeleka hivyo hivyo. Au angemwandikia mwalimu kwamba kazi haijaisha, mtoto akakatwa alama za kuchelewa. Huo ndio mkwaju 1 wa mpira usiochezeka. Unauma kidogo, unaandikwa kwenye kadi, na mchezo unaendelea.

Kazi ngumu ya mzazi ni kutofautisha Stadler na Reed ndani ya nyumba moja. Mtoto aliyeiga jibu la mwenzake kwa kuwa hakujua kwamba kazi ilitakiwa kufanywa peke yake ametandika taulo. Anahitaji kuelezwa, na kuadhibiwa kidogo kama ni lazima. Anayefuta alama kwenye ripoti na kuandika nyingine, kisha akatazama usoni na kusema mwalimu ndiye aliyekosea, ni kesi tofauti. Wazazi wengi huwachapa wote wawili sawasawa, na yule wa taulo anajifunza kwamba kusema ukweli hakuna punguzo. Mara ya pili hasemi.

Na akitokea Jones? Mtoto anarudi dukani na kusema, "Mama, muuza duka alinirudishia shilingi 500 zaidi, nimemrudishia." Jibu la haraka kwenye nyumba yenye shida ni kumwambia amekuwa mjinga. Hapo hakuna haja ya sherehe wala zawadi. Inatosha mama asimcheke.

Uwanja wa makopo

Familia inayotaka kujaribu kanuni hizi haihitaji klabu. Kopo tupu la maziwa linafukiwa ardhini hadi mdomo uwe sawa na udongo. Fimbo ni mti wowote wenye kiwiko mwishoni, na mpira ni ule mdogo wa tenisi unaopatikana kwa wauza mitumba. Makopo manne yanatosha kiwanja cha kawaida. Mdogo wa familia anapewa mikwaju miwili ya bure kwa kila kopo, hiyo ikiwa ni nafuu yake, na kaka zake wanaambiwa hivyo kabla ya kuanza.

Sehemu inayochukua muda ni kukaa kama kamati. Watoto wenyewe wapite uwanjani na kutaja shida za mahali hapo, kisha waandike kwenye daftari. Kwato za ng'ombe zilizokauka baada ya mvua, mpira ukidumbukia humo unatolewa bure, kama Jinja. Jivu la jikoni halifagiwi, ni mchanga. Majani ya mwarobaini yanaondolewa. Kamba ya nguo inahamishwa, nguo za watu zisiguswe. Mpira ukiingia kwenye bustani ya mchicha ya bibi, mkwaju 1 na kumuomba bibi radhi.

Kuku watazua mjadala, na kuku hawakosekani. Kwa bahati nzuri gofu imeshawajibu: mnyama akiusogeza mpira uliokuwa umesimama, mpira unarudishwa ulipokuwa, bila adhabu kwa yeyote. Shida itakuja pale mmoja wa watoto atakaposema kuku ndiye aliyeusogeza, na kuku akiwa ameshaenda zake nyuma ya choo.